Kupanga taa za sola za bustani kwa sisi tunaokaa Mwanza na kandokando ya ziwa

Naulizwa yaleyale kila mara, na mtu wa Buhongwa, na wa Kisesa, na aliyejenga juu kwenye mawe huko Bugando: hii taa ya wati 200 itatosha geti langu? Mbona inazima saa nne usiku wakati boksi limeandikwa masaa 12? Paneli niielekeze wapi? Nichukue zile za kuchomeka kwenye udongo au nifunge mfumo mmoja wa betri kubwa? Basi naandika yote hapa, ukimaliza kusoma uende dukani ukijua unachotaka, maana wengi wanafanya kinyume, wananunua taa kwanza alafu ndo wanaanza kuzunguka nayo uani wakitafuta pa kuitundika.

Naongelea bustani ya kawaida ya nyumbani, yenye geti, kinjia cha kwenda mlangoni, ukoka kidogo, miti miwili mitatu, labda na jiko la nje. Kama una hoteli ufukweni hesabu ni zilezile ila tafuta fundi mzoefu.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- karatasi, kalamu na tochi (ya simu inatosha)
- futi ya fundi au hata rula ya mtoto ya shule, hii utaenda nayo dukani na utanishukuru
- simu yenye dira
- multimita (kile kifaa cha kupimia volti na ampia), hata ile ya bei ya chini kabisa
- ngazi, drili, bisibisi, koleo, kebo tai
- paipu za plastiki za kupitishia waya kama utafunga mfumo wa betri moja
- mtu wa kukushikia ngazi

Hela usitoe bado.

Hatua ya 1: Zunguka uani kwako usiku

Chagua usiku usio na mbalamwezi, zima taa zote za nje, toka. Usiwashe tochi mara moja, subiri macho yazoee giza kwanza. Tembea kama unavyotembea siku zote: kutoka getini mpaka mlangoni, mlangoni mpaka chooni au jikoni kwa nje, mpaka kwenye tanki la maji, mpaka kwenye banda la kuku. Kila sehemu mguu unaposita, weka alama kwenye karatasi. Hapo ndo panahitaji taa. Kwingine kote ni pambo tu, na pambo si vibaya ila linakuja baadaye hela ikibaki.

Kwa sisi wenye viwanja vya mawe hii hatua ina maana zaidi, kwa sababu njia zetu zina ngazi zisizolingana, moja fupi moja ndefu, na kuna jiwe limejitokeza pembeni ambalo kila mgeni lazima ajigonge. Taa moja ndogo ya wati 2 iliyowekwa chini, pembeni ya ngazi, ikimulika kile kikanyagio, inasaidia kuliko taa kubwa ya ukutani inayomulika toka nyuma yako, maana ile ya nyuma inatupa kivuli chako mwenyewe mbele ya miguu na hapo ndo unakosea ngazi.

Ukiwa nje angalia pia mwanga unaotoka kwa jirani na taa za barabarani. Andika zinapofika. Nitaeleza chini kwa nini.

Hatua ya 2: Chora ramani

Si lazima iwe nzuri. Chora nyumba, uzio, geti, miti, mawe makubwa, weka vipimo vya mita. Alafu andika mahitaji kwa mafungu matatu: pa kupita, pa ulinzi, pa kupendeza. Taa za kinjia za urefu wa goti ziwe mita 2 mpaka 3 toka moja hadi nyingine, na ukiziweka moja kushoto, inayofuata kulia, unahitaji chache kuliko ukizipanga mstari pande zote mbili kama uwanja wa ndege. Taa ya geti iwe juu mita 3 hivi, imulike chini, isimwage mwanga dirishani kwa mama wa jirani (utasalimiwa asubuhi kwa sauti ambayo hutaipenda).

Kuhusu pambo, jambo moja tu: kama una jiwe kubwa kwenye kiwanja acha kuhangaika na taa za rangi rangi. Weka taa moja ndogo chini kabisa, karibu na jiwe, iangalie juu kwa ubavu, uone mikunjo yote ya lile jiwe inavyojitokeza. Watu wa mikoa mingine wananunua mawe ya bustani, sisi tunayo mpaka yanatuzuia kujenga.

Hatua ya 3: Tafuta jua liko wapi

Mwanza tuko kama digrii 2 na nusu kusini mwa ikweta. Maana yake jua la mchana linapita karibu juu ya utosi mwaka mzima, katikati ya mwaka linalala kidogo kaskazini na Desemba linalala kusini. Kwa hiyo video za Ulaya zinazokwambia inua paneli digrii 35 ielekee kusini, achana nazo, huko jua lao ni lingine. Kwetu paneli inalazwa karibu flati, digrii 10 mpaka 15 tu, na huo mwinuko wenyewe ni ili mvua ioshe vumbi na maji yasituame. Ielekeze kaskazini kama una uchaguzi, kama bati lako limeangalia upande mwingine kwa mwinuko mdogo hautapoteza sana, usijenge fremu ya gharama kwa ajili hiyo.

Kitu kinachoua paneli kwetu ni kivuli. Mwembe, mpapai, tanki la maji, antena, ukuta wa jirani aliyeongeza ghorofa. Kivuli cha jani moja la mpapai kikikaa kwenye kona ya paneli kinaweza kushusha umeme sana, si ile kona tu, sababu seli zimeunganishwa kwa mfuatano. Toka nje saa 4 asubuhi, saa 7 mchana na saa 10 jioni, andika kwenye ramani wapi pana kivuli. Sehemu yenye jua masaa yote matatu ndo ya paneli. Kumbuka kwa saa zetu jua linafika katikati karibu na saa 7 kasoro, si saa 6 kamili.

Hatua ya 4: Chagua aina

Ziko aina tatu hivi.

Za kuchomeka kwenye udongo, zenye kipaneli kidogo kichwani. Rahisi, hazina waya, unahamisha unavyotaka. Mwanga wake ni wa kuonyesha njia ilipo tu, usitegemee kusomea wala kumuona mwizi. Chini ya mti hazifai kabisa.

Za ukutani au nguzoni, taa na betri pamoja. Hapa nunua ile ambayo paneli yake imetenganishwa na taa kwa waya wa mita 3 mpaka 5, usinunue iliyoungana. Taa unaweka chini ya bati panapohitajika, paneli inapanda juu kwenye jua. Iliyoungana ukiibandika ukutani upande wa mashariki inapata jua la asubuhi tu, mchana wote iko kivulini mwa nyumba, usiku ukifika inakuwa na njaa.

Mfumo mmoja: paneli kubwa, kontrola (kile kiboksi kinachosimamia umeme wa paneli unavyoingia kwenye betri), betri, alafu waya unaenda kwenye taa zote za volti 12. Kazi ni nyingi mwanzoni ila ukiwa na taa zaidi ya 6 mimi ningekwambia nenda huku moja kwa moja, betri ni moja tu ya kutunza na ikifa unabadilisha hiyohiyo.

Sasa rangi ya mwanga, na hapa watu wa ziwani naomba mnisikilize. Chukua mwanga wa njano, ule ulioandikwa 2700K au 3000K. Ule mweupe wa kuelekea bluu, 6000K na kuendelea, unavuta wadudu zaidi. Mtu wa Igombe au Luchelele anajua wale wadudu wadogo wa ziwani wanavyokuja kama moshi, hasa siku za mwezi kuandama, asubuhi unakuta wamelala rundo chini ya taa, buibui nao wamefunga utando mpaka taa haionekani, na mijusi imefanya kambi ukutani. Njano haiwamalizi, inawapunguza. Cha pili, usiweke taa juu ya mlango wala dirisha, iweke mita kadhaa pembeni imulike kuja mlangoni, wadudu wabaki hukohuko. (Wale wanaosubiri senene wa Novemba nyie wekeni nyeupe na ndoo chini, sina neno.)

Hatua ya 5: Piga hesabu, ni ya dakika kumi

Chukua wati za kila taa zidisha kwa masaa itakayowaka. Mfano wa bustani ya kawaida:

- geti, taa 1 ya wati 10, masaa 12: 120
- kinjia, taa 4 za wati 2, masaa 6: 48
- jiko la nje, taa 1 ya wati 5, masaa 4: 20
- jiwe au mti, taa 1 ya wati 3, masaa 4: 12

Jumla wati-saa 200 kwa usiku mmoja.

Paneli: gawanya kwa 4, ambayo ni masaa ya jua kali ya kupangia. Siku nzuri tunapata zaidi ya hapo lakini unapanga kwa ajili ya masika ya Machi hadi Mei na mvua za vuli, hupangi kwa ajili ya Julai. 200 gawanya kwa 4 ni 50, alafu gawanya kwa 0.7 kufidia joto, vumbi na upotevu wa kwenye waya, unapata 71. Nunua paneli ya wati 80, ukiweza 100.

Betri: taka usiku mbili, ili siku moja ya mawingu isikulaze gizani. Hiyo ni 400. Betri ya risasi, ile ya kawaida au ya jeli, usiitumie zaidi ya nusu, kwa hiyo unahitaji 800, gawanya kwa volti 12 ni kama Ah 67 (Ah ni ampia-saa, ndo ukubwa wa betri), chukua ya 70 au 75. Betri ya lithiamu ya aina ya LiFePO4 inakubali kutumika asilimia 80, kwa hiyo Ah 40 inatosha. Bei yake iko juu ila inadumu mara kadhaa ya ile nyingine. Betri ya gari usiiweke hapa hata kama ya shemeji ipo imekaa tu stoo, ile imetengenezwa kuwasha injini kwa sekunde chache, ukiinyonya usiku kucha inakufa mapema.

Kontrola: paneli ya wati 100 inatoa ampia 6 hivi, kontrola ya ampia 10 inatosha. Chukua yenye sehemu ya kutokea taa na taimu ya kuwasha giza likiingia, utaepuka kununua sensa nyingine.

Ukiona jumla imekuwa kubwa kuliko mfuko, usikimbilie kupunguza betri. Punguza masaa. Taa ya geti iwake kwa nguvu mpaka saa 4 usiku, baada ya hapo ibaki hafifu na sensa ya kutembea iipandishe mtu akipita. Hiyo peke yake inakata zaidi ya nusu ya zile 120.

Hatua ya 6: Dukani na rula

Sasa toa hela. Ukiwa Makoroboi au Rwagasore usisome wati zilizoandikwa kwenye boksi, zile ni hadithi. Pima paneli. Paneli nzuri ya siku hizi inatoa kama wati 200 kwa mita moja ya mraba kwenye jua kali. Ukishika taa imeandikwa 200W na kipaneli chake ni sentimita 35 kwa 25, fanya hesabu: 0.35 mara 0.25 ni 0.0875, mara 200 ni wati 17 na nusu. Hapo umeshajua ukweli. Taa inaweza bado kukufaa, ila ilipe bei ya wati 17.

Betri nayo ikaguliwe. Zile za duara ndogo, 18650, halali yake ni mAh 2000 mpaka 3500 kwa moja. Ukikuta imeandikwa 9900 rudisha, hakuna kitu kama hicho kwa ukubwa ule. Ishike mkononi pia, nzima ina gramu 45 hivi, feki nyingi ni nyepesi.

Paneli kubwa igeuze usome karatasi ya nyuma. Ya wati 80 kwa betri ya volti 12 inasoma Voc (volti zake ikiwa haijaunganishwa na kitu) karibu 22 na Isc (ampia zake waya zake mbili zikigusanishwa) karibu ampia 5. Omba itolewe nje juani, weka multimita. Muuzaji akikataa kuitoa nje sema asante ondoka, maduka yamejaa.

Kwa taa zote za nje angalia IP65 (alama ya kuzuia vumbi na maji) au zaidi. Mvua zetu zinakuja na upepo wa ziwani, hazinyeshi wima.

Hatua ya 7: Chaji kabla ya kufunga

Taa za betri ya ndani ziweke juani siku mbili kabla hazijawaka usiku wowote. Nyingi zinachaji swichi ikiwa ON tu, watu wanaweka OFF wakidhani wanasaidia betri ijae haraka, jioni wanarudisha dukani wakigomba. Soma kikaratasi. Na ile plastiki ya kung'aa juu ya paneli ibandue, imekuja hapo kuilinda njiani tu.

Hatua ya 8: Funga

Anza na paneli. Acha nafasi ya sentimita 10 kati yake na bati, bati la Mwanza saa 8 mchana unalijua, na paneli ikipata joto inapunguza umeme. Nati zake zichomelewe au utumie zisizofunguka kwa spana ya kawaida. Waya unaoingia ndani ufanye kitanzi cha kuning'inia chini kidogo kabla ya tundu, maji yadondokee hapo.

Waya wa taa upite ndani ya paipu. Kwenye udongo fukia nusu mita na kumbuka kuchora ulipopita, sababu siku moja mtu atakuja na jembe kupanda mchicha. Kwenye mawe usijitese kuchimba, pitisha paipu kwenye kona ya ukuta au ubavuni mwa jiwe ukilishika na vishikizo, paka rangi ya jiwe. Unene: kwa mita 20 na mzigo wa ampia 2, waya wa 2.5 (milimita za mraba) unapoteza volti 0.6 hivi, wa 1.5 unapoteza karibu volti nzima na taa ya mwisho utaiona imefifia. Nunua wa 2.5.

Kuunganisha, mpangilio ni huu na haubadilishwi: betri kwenye kontrola kwanza, alafu paneli, mwisho taa. Ukifungua unaanza kinyume, taa, paneli, betri. Kontrola nyingi zinaungua kwa kutangulizwa paneli. Fyuzi ya ampia 10 iwe kwenye waya chanya karibu kabisa na betri. Volti 12 haikurushi, lakini spana ikigusa chanya na hasi za betri kwa pamoja inawaka nyekundu mkononi mwako, vua pete na saa kabla hujagusa.

Betri ikae kivulini, penye hewa, juu ya ubao, watoto wasifike. Jikoni hapana.

Nguzo ya chuma kama ndo kitu kirefu kuliko vyote kilimani kwako, mwite fundi umeme aiwekee waya wa ardhi. Radi za ukanda wa ziwa hazina utani.

Makosa ninayoyaona sana

Kununua taa nyingi nyeupe kali na kuzielekeza nje kila upande. Unamulika barabara, wewe ukitazama nje huoni kitu, na aliyejificha nyuma ya mwanga anakuona vizuri tu. Mwanga uelekee chini.

Kuchanganya betri mpya na ya zamani. Ya zamani inaivuta mpya chini.

Kufunga wakati wa kiangazi na kusahau mti unakua. Ule mwembe utarudi.

Kutosafisha paneli. Juni mpaka Agosti vumbi linashika, kunguru na korongo nao wana mchango wao. Kitambaa laini na maji, asubuhi mapema paneli ikiwa baridi, mara moja kwa wiki mbili. Usitumie sabuni ya unga wala steeli waya.

Ikigoma

*Haiwaki kabisa usiku.* Funika paneli kwa kitambaa kizito mchana. Ikiwaka, taa ni nzima, tatizo ni mwanga wa jirani au wa barabarani unaofika kwenye paneli, maana taa nyingi zinatumia paneli yenyewe kujua kama giza limeingia. Ndo maana nilisema uandike ile mianga. Geuza paneli au ihamishe. Isipowaka hata ukifunika, angalia swichi, alafu betri.

*Inawaka masaa mawili matatu inazima.* Kama ni mpya, kivuli au paneli ndogo. Kama ina miaka miwili na zamani ilikuwa inakesha, betri imechoka, fungua ubadilishe kwa aina ileile na volti zilezile. 3.2 na 3.7 zinafanana kwa macho, usizibadilishane.

*Inawaka na kuzima, kuzima na kuwaka.* Mwanga wa taa yako mwenyewe unarudi kwenye paneli, mara nyingi kupitia ukuta mweupe. Sogeza kimoja.

*Sensa inawasha taa bila mtu.* Paka, popo, tawi linalopigwa na upepo, au buibui mbele ya jicho la sensa. Futa, kata tawi, inamisha sensa kidogo chini.

*Taa za mwisho zimefifia, za mwanzo ziko sawa.* Waya mwembamba au kiungio kimeshika kutu. Pima volti kwenye taa ya kwanza na ya mwisho, tofauti ikizidi volti moja fuata waya mpaka uone pa kurekebisha.

*Kontrola inaonyesha betri imejaa mchana, usiku inaisha haraka.* Betri ya risasi imezeeka, au ni ya maji na maji yamepungua. Ya maji ongeza maji ya betri tu, si ya bomba wala ya ziwa. Ikiwa imekufa kabisa wapelekee wanaonunua betri mbovu, usiitupe shimoni, ile risasi na tindikali vinaingia kwenye udongo uleule wa mchicha.

*Maji ndani ya kioo cha taa.* Fungua, kausha juani, paka silikoni kwenye ukingo wa juu na ubavuni, chini acha kitundu kidogo ili unyevu utoke. Ukiziba kote itaota ukungu ndani.